Ndege Ile Niliishona Mimi

Mwanangu Salama,

Ukiisoma barua hii utakuwa umeshapita Uyole na mteremko wa kwenda Usangu uko mbele yako. Nimeiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya lile gauni jeupe ambalo hutaligusa mpaka Idi. Lakini nakujua, utapekua kabla. Mambo ya blanketi, maji ya kuchemsha, mbu na swala umeshayasikia mpaka umeyachoka, sitayarudia. Mchana huu umekwenda Ibighi kuwaaga rafiki zako, mvua imeanza kama kawaida yake, na mimi nimekaa barazani na karatasi magotini. Mwandiko wangu ni ule wa kisomo cha watu wazima, utauvumilia.

Asubuhi ulipokuwa unafua walikuja watu wawili hapa. Siwataji, utawajua mwenyewe. Mmoja akaniuliza, "Mama Salama, ni kweli binti anakwenda kuendesha trekta?"

Nikamwambia ni kweli, kwenye shamba la mpunga la serikali.

"Si angesomea ukunga? Trekta ni kazi ya wanaume."

Mwenzake akamjibia kabla yangu. "Unashangaa nini? Huyo si mtoto wa yule mama wa ndege?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikawapa chai, wakanywa, wakaenda zao. Halafu nikafikiri kwamba mji mzima una habari ya ndege ile, kila mtu na yake, na wewe unayeondoka hujawahi kuisikia kwangu. Umesikia kwamba nilimtukana mgeni wa serikali. Umesikia kwamba nilikuwa na mapenzi na fundi. Ulikuwapo, ila ulikuwa mdogo, na mengine hukuweza kuyaona. Nakuandikia yalivyokuwa, pamoja na yale niliyoyaharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Ndege yenyewe iliachwa na Mzungu mmoja wa chai aliyeondoka mara tu baada ya Uhuru. Ilikuwa ndogo, ya watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mifupa yake ilikuwa ya chuma na mbao nyembamba, na juu ya mifupa hiyo ilivishwa kitambaa. Ndiyo, kitambaa. Watu hawakuamini mpaka walipokigusa. Ilikaa kwenye banda la shamba la chai miaka na miaka, kuku wakitagia ndani. Baadaye serikali ikaikabidhi kwa hospitali ya misheni kule chini ziwani, kwa kuwa kila masika barabara ilikatika, wagonjwa wakafia njiani na dawa zikakwama huku juu kwetu. Aliyeitwa kuifufua ni Ndugu Asajile wa Nkunga.

Asajile unamkumbuka: mrefu, ameinama kidogo kama mtu aliyeishi maisha yake yote kwenye nyumba zenye milango mifupi, na sauti nene ya kwaya. Wakati wa vita ya Hitla alikuwa Nairobi, akianza kwa kuosha ndege za jeshi na kuishia kuzitengeneza. Injini aliimaliza bila shida. Mabawa makubwa yalikuwa yamening'inizwa darini na kitambaa chake kilikuwa kizima. Kilichomshinda ni vile vipande vidogo vinavyochezacheza: usukani wa mkiani unaoipeleka ndege kushoto na kulia, vipande viwili vinavyolala kando yake vya kuipandisha na kuishusha, na vibawa viwili vya mwishoni mwa mabawa vinavyoilaza upande. Hivyo viliachwa sakafuni. Mchwa walikula mbao, panya wakala nguo.

Alikuja kwenye ushirika wetu wa mafundi cherehani, pale karibu na soko, kuomba mtu wa kumsaidia kushona. Mimi wakati huo nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya wanaume wa cherehani. Marehemu baba yako alipofariki aliniachia wewe na cherehani lake, na ushirika ulipoanza nililibeba kichwani nikalipeleka mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Nililiamini jambo lile, na mpaka leo sijaacha kuliamini. Watu kushona pamoja, kununua vitambaa pamoja, kutonyonywa na mtu wa duka, kuna ubaya gani? Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nikitoa cherehani nimetoa cherehani tu.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Shomari, binamu wa baba yako, fundi wa makoti hodari kuliko wote mjini. Alimsikiliza Asajile mpaka mwisho, kisha akasema, "Ndugu yangu, sisi tunashona sare za shule. Ndege hatujui inapimwa kiuno wapi."

Wanaume wakaangua kicheko. Asajile akasimama pale akigeuza kofia yake mkononi. Sijui nini kilinisukuma. Nikamuuliza, "Nikikosea mshono wa suruali, mtu anachanika sokoni. Nikikosea huo wako?"

"Huo anachanika huko juu," akasema.

"Basi nionyeshe."

Tukapatana kwamba nitamaliza kwanza sehemu yangu ya sare, kisha alasiri naenda bandani. Shomari alisikia kwa masikio yake na hakukataa. Ulikuwa unakwenda pamoja nami, unalala juu ya magunia matupu ya chai, unaamka na majani nyweleni.

Kazi ile, Salama, haikuwa kama kazi yoyote niliyoijua. Kwanza Asajile alichonga upya mbao, mbavu nyembamba zinazopinda kama mbavu za samaki, akaziunganisha kwa gundi na misumari midogo kama ya fundi viatu. Kisha kitani. Kitani hicho kilitoka Dar es Salaam kimefungwa kwenye karatasi ya nta, na nilipokishika nilitamani kukijaribu kwa meno. Unakivisha kiunzi kama foronya, unakishona ukingoni kwa mkono, mshono wa kuvuka huku na huku, halafu unachukua sindano ndefu kama mkono wa mtoto na kuitoboza upande huu, itokee upande wa pili, izunguke ubavu wa mbao, irudi, fundo. Sogea kidogo, toboza tena, fundo. Ubavu baada ya ubavu. Uzi unapakwa nta ya nyuki, na nta hiyo Asajile alikuja nayo kutoka kwa jirani zake wa Nkunga. Fundo likiwa legevu, upepo unaingia kati ya nguo na ubavu, nguo inavimba, na rubani anashika usukani usioshika kitu.

Baada ya hapo inapakwa ile dawa. Wewe ulikuwa unaiita dawa ya kulevya, maana harufu yake ilitufanya tucheke ovyo mpaka Asajile alipofungua milango yote. Dawa hiyo ikikauka inakivuta kitambaa chenyewe, kinakaza, ukikigonga kinalia kama ngoma.

Hapo ndipo nilipoharibu. Asajile aliniambia: "Mama Salama, usikivute sana. Kiache kipumue. Dawa itakivuta."

Nilimsikia. Lakini mimi nilikuwa fundi, binti wa fundi, mjukuu wa mshona kanzu wa Bagamoyo, na sijawahi kumkabidhi mtu kazi iliyolegea. Kile kipande cha kwanza cha mkiani nilikivuta. Nilikivuta kwa nguvu zangu zote, nikakaza kila mshono, nikakitazama nikaona kimenyooka kuliko chochote alichowahi kukiona huko Nairobi kwake. Tukapaka dawa. Tulipofika siku iliyofuata kipande kimepinda. Ukingo wake wa nyuma umejikunja kama jani la mgomba juani, na mbavu mbili zimevunjika kwa ndani, unazisikia ukikitikisa.

Asajile hakupiga kelele. Alitoa kisu akapasua kitani chote kutoka mwanzo hadi mwisho, kile kitani kilichotoka Dar, na hapo ndipo aliposema, "Gwe mama, nilikwambia nini?"

Nikachukua mkasi wangu, nikakushika mkono, tukaondoka. Nilikaa nyumbani nikijiambia kwamba sirudi. Niliwaambia majirani kwamba kitambaa kilikuwa kibovu. Nilimwambia hata mama yangu mdogo kwamba fundi hajui kuchanganya dawa. Wote waliniamini, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu nilijua kwamba nikiwaachia waendelee kuniamini nitaishi hivyo, mtu ambaye vitambaa vyake ni vibovu siku zote.

Hata hivyo, si wazo hilo jema lililonirudisha. Nisikudanganye. Nilirudi kwa sababu nilipita sokoni na Shomari akaniita mbele ya watu: "Mwajuma! Nasikia ndege imekataa kuvaa kanga!" Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nikageuka palepale, sikufika hata nyumbani, nikatembea hadi bandani na mvua ikininyeshea. Asajile alikuwa anachonga mbavu mpya. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia, "Nilikivuta mimi. Nilifanya makusudi, nilidhani najua zaidi."

Akasema, "Najua," akanisogezea kigoda. "Ndaga, asante kwa kurudi. Shika mbao hii."

Kuanzia siku hiyo tulifanya kazi vizuri. Nilijifunza kukiacha kitani kikae, na kukiacha kikae ni kazi ngumu kuliko kukivuta, mikono yangu ilikuwa inawasha. Nilijifunza kwamba kipande kikiisha kinaning'inizwa kwenye bawaba zake tuone kinaelemea wapi, kwa sababu kikiwa kizito nyuma, kikikimbia angani kitapapatika mpaka king'oke. Niliwahi kuweka kiraka kikubwa pale ambapo kidogo kingetosha, kwa kujihami. Tukakitoa.

Na wewe, nadhani ulishanielewa kabla sijafika hapa. Miaka hii yote nimekuvuta sana. Baba hakuwapo, nikafikiri nguvu zangu ziwe za wawili. Ulipoanza kwenda kwenye shamba la chai kuchuma, ukawa unapanda trekta na yule dereva mzee akikufundisha, nilikuchapa. Ulikuwa mkubwa kuliko mtu wa kuchapwa, na nilikuchapa. Kesho yake ukaenda tena. Ningekuwa na akili ningefurahi siku ileile.

Turudi kwenye ushirika. Siku moja Shomari aliitisha mkutano, na ajenda ilikuwa mimi. Nilikaa kwenye benchi mbele ya watu niliokuwa nakunywa nao uji kila asubuhi.

"Ndugu Mwajuma anatumia nguvu za ushirika kwa kazi ya nje," alisema.

Nikasema, "Sare zangu zimeisha kila wiki. Mwenye kuona deni asimame."

Hakusimama mtu.

"Si suala la sare," akasema Shomari. "Ni suala la nidhamu. Leo wewe ndege, kesho mwingine harusi, kesho kutwa ushirika umebaki jina. Achana na ndege, ubaki nasi."

Sasa ninavyokuandikia nakiri kwamba maneno yake hayakuwa ya kijinga. Alikuwa anaogopa jambo la kweli. Lakini usukani wa mkiani ulikuwa haujakamilika, na mtu mwingine wa kuushona hakuwapo. Nikamwambia hivyo. Akasema wapige kura. Mikono ikaenda juu, na mmoja wao ulikuwa wa Mzee Kibwana aliyenifundisha kukata kola, ameinamisha kichwa kama anatafuta sindano sakafuni.

"Basi nitachukua cherehani langu," nikasema.

"Cherehani ni mali ya ushirika."

"Ni la marehemu."

"Ulilitoa kwa hiari, Mwajuma. Tulipiga makofi."

Kweli walipiga makofi. Niliondoka na mkasi, kastabini na kanga yangu. Sikulia mbele yao. Nililia nilipofika kwenye ile migomba nyuma ya hospitali, nikalia vibaya sana, nikaosha uso kwenye mfereji, nikaenda bandani. Mshono wa ndege karibu wote ni wa mkono, Salama. Walichukua kitu ambacho kazi ile haikukihitaji. Nilicheka peke yangu nilipogundua hilo, nikiwa katikati ya ubavu.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya na hilo unalikumbuka kwa tumbo lako. Mke wa Asajile alikuwa anatuletea ndizi na maharage, anatua kikapu mlangoni, anasalimu "Ugonile," anaondoka. Ndipo na yale maneno ya mapenzi yalipoanza, kutoka kwa watu ambao hawakutuletea hata chumvi.

Alikuja mkaguzi wa ndege kutoka Dar es Salaam. Alikuwa kijana mpole, akagonga kila kipande kwa kidole, akatega sikio, akaminya, akamulika tochi ndani. Akauliza nani kashona. Asajile akaninyooshea mkono. Akanitazama, akarudi kwenye usukani, akagonga tena mahali pamoja. "Hapa sipendi," akasema. Tukafungua. Fundo moja lilikuwa limeteleza. Nikalirudia yeye akiwa amesimama nyuma ya bega langu, kisha akasema sawa, tupake. Sikumchukia. Alikuwa ameona kweli.

Baada yake akaja rubani, Bwana Mdoe, mtu wa Handeni, mnene, mcheshi. Aliipeleka juu peke yake, akairudisha. Akaipeleka tena peke yake, akasema imetulia kama mbuzi aliyeshiba. Hospitali ikapanga siku ya kuipokea rasmi, pale kwenye uwanja wa majani kati ya mashamba ya chai. Alikuja mgeni wa heshima kutoka mkoani. Shule zikaimba. Watu wa chai wakaacha vikapu wakaja kutazama. Na ushirika wetu ukaja wote, umevaa mashati mapya yanayofanana, Shomari mbele.

Mimi nilikaa nyuma na wewe, na akili yangu haikuwa na vita yoyote. Nilitaka kuiona ikipaa tu.

Mgeni akasoma hotuba yake. Alisema kuhusu kujitegemea, na mengi aliyosema yalikuwa mazuri. Kisha akasema, "Na pongezi za pekee ziwaendee ndugu zetu wa ushirika wa mafundi cherehani wa Makandana, walioshona ndege hii kwa mikono yao." Watu wakapiga makofi. Shomari akasimama akainamisha kichwa kupokea.

Nikasikia mtu anasema, "Hapana."

Alikuwa ni mimi. Nilikuwa nimeshasimama. Watu wakageuka, makofi yakafa moja moja.

"Hapana, ndugu mgeni," nikasema. "Umeambiwa vibaya, si kosa lako. Ushirika ulinifukuza kwa sababu ya kazi hii. Mbao amezichonga Asajile wa Nkunga. Kitani amekishona Mwajuma binti Saidi, ndiye mimi. Hakuna mwingine."

Hilo ndilo tusi wanalolisimulia. Yote niliyosema ni hayo, neno kwa neno. Mgeni akamtazama Shomari, Shomari akamtazama Asajile, na Asajile akavua kofia akasema kwa sauti ile ya kwaya, "Ni kweli tupu."

Shomari alikuwa ametahayari mpaka midomo. Nilimjua tangu nimeolewa na sikuwahi kumwona hivyo. Akasema, "Kama ni yako peke yako, Mwajuma, na unaiamini hivyo, basi panda."

Bwana Mdoe akacheka kidogo kuvunja uzito, akasema kiti kipo ila hakuna anayelazimishwa. Mgeni akasema jamani, jamani. Ningeweza kukaa. Hakuna ambaye angenilaumu, nilikuwa nimeshasema nililotaka.

Nikafungua vidole vyako kutoka kwenye kanga yangu. Ulivikaza ukilia, nikavifungua kimoja kimoja, nikakukabidhi kwa Asajile, nikaenda.

Huko juu sikuwa shujaa. Niliposikia ardhi imetuachia nilisoma kila aya niliyoijua. Chai ilikuwa imelala chini kama zulia lililokatwa, Mlima Rungwe ukaja pembeni yetu na mawingu yake, na kila mtikisiko nilitafuta chanzo chake kwenye mishono yangu. Bwana Mdoe akapaza sauti, "Mama, tazama bawa la kushoto!" Nikatazama. Akasogeza mkono, na kile kibawa cha mwishoni, kile nilichokimalizia kwa mkono bila cherehani, kikainuka taratibu, na dunia nzima ikalala upande. Akakirudisha, dunia ikanyooka. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nilicheka, Salama, nikapiga kigelegele ndani ya kelele za injini ambacho hakuna aliyekisikia.

Tuliposhuka watu walishangilia. Hata wachuma chai wasionijua walinibeba. Nilikutafuta. Ulikuwa umekaa chini ya kivuli cha lori na Asajile amechuchumaa mbele yako, na ulipoingia mikononi mwangu ulikuwa mgumu kama kuni. Tulipofika nyumbani ukasema, "Mama, ungekufa, mimi ningekaa na nani?"

Nilikupikia wali. Nimekuwa nikilitafuta jibu tangu siku hiyo na kesho unaondoka sijalipata. Kusimama na kusema "hapana", hilo nilifanya sawa na nitalirudia hata kesho. Kupanda ni jambo lingine. Nilipanda kwa sababu mtu mwenye hasira alinitia hasira, na mtoto wangu alikuwa analia. Ndege haikuanguka, kwa hiyo watu wanaita ushujaa. Ingeanguka wangeita nini? Na bado, nikifumba macho naona kile kibawa kinainuka, na siwezi kukuambia kwamba ningependa nisingekiona. Yote mawili ni kweli. Nimechoka kuchagua moja.

Ndege ilifanya kazi masika kadhaa. Ilibeba dawa, ilibeba akina mama wenye uchungu, ilibeba mtu mmoja wa Makandana aliyekuwa ameinua mkono siku ya kura, na alipona. Kisha mafuta yakawa shida nchi nzima, Bwana Mdoe akahamishwa, ikarudishwa bandani, na kitani hakivumilii unyevu wa huku kwetu. Imekwisha oza. Asajile amekwisha fariki, tulikwenda pamoja kumzika. Shomari alinitumia ujumbe kwamba nikiomba radhi mbele ya wanachama nitarudishwa. Nikamjibu kwamba nitaomba radhi kwa kitani nilichokivuta, kwa kuwa hicho nilikiharibu, na kwa jingine lolote asingoje. Hakujibu. Cherehani sikuliona tena. Nimeshona kwa mkono magodoro, kanzu, mashuka ya hospitali na sanda za watu wa dini zote mbili, na kwa mikono hiyo umekula, umesoma, umekua mrefu kunizidi.

Kwa hiyo wakikuambia huko Usangu kwamba mwanamke hawezi trekta, usipoteze muda wa kubishana. Panda, uwashe, ulime. Ukikosea, na utakosea, sema ni mimi, papo hapo, kabla hujaenda nyumbani kutafuta kitambaa kibovu. Wakisema kazi yako ni ya mwingine, simama. Lakini akitokea mtu wa kukuambia "basi panda" kwa sababu tu ameumia moyo, vuta pumzi umtazame vizuri kwanza. Kisha amua mwenyewe. Mimi sitakuwapo kukuamulia, na hata ningekuwapo, umeona mimi niliamuaje.

Na ikikushinda, rudi. Hutapigiwa kura mlangoni hapa.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na mtu. Nimalize.

Nilikuwa nimepanga nisikusindikize kesho. Nilitaka nikuage ndani, nifunge mlango, maana wale wawili wa asubuhi na wenzao watakuwa stendi mapema kuona kama mama wa ndege atatoa machozi. Wiki nzima nimekuwa nikijizoeza uso wa jiwe. Nimeghairi. Nitakuja na nitakubebea sanduku mpaka mlangoni mwa gari, nitakulilia kwa sauti kubwa, nitalia mpaka gari lipite kona ya mwisho, na wao wasimame pale watazame mpaka washibe.

Mama yako,
Mwajuma binti Saidi